Chumvi ya Shangazi Tafida

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne, siku iliyofuata Shamu Nasimu, sikukuu ya machipuko nchini Misri, kuku mwekundu alijaribu kusimama, akaanguka kwa ubavu. Miguu yake ilinyooka nyuma kama vijiti. Bawa moja lilipapatika juu ya zege, likatimua vumbi kidogo, likatulia.

Nashwa alikuwa amepanda juu ya paa kuanua koti lake la kazi. Aliliacha kwenye kamba, akachuchumaa mbali kidogo, akawaangalia wengine kabla ya kuamua lolote. Kuku mmoja alikuwa amekwisha kufa na kukakamaa karibu na ukuta. Wawili walikuwa wameketi juu ya vifundo vyao, midomo wazi. Jogoo alikuwa bado anatembea, ila mwendo wake ulikwenda upande. Kila baada ya hatua chache aliegemea banda, akaitazama miguu yake kana kwamba ni ya jirani. Wote hao walikuwa wazima kabla ya sikukuu.

"Nipishe hapo," ilisema sauti nyuma yake.

Shangazi Tafida alikuwa amefika ngazi ya mwisho, anahema, kisu cha jikoni mkononi. Kuku walikuwa wake. Nyumba ilikuwa ya kaka yake, Haji Maqsud, baba yake Nashwa, na tangu mama yake Nashwa afariki ni watatu hao tu waliobaki ndani yake.

"Kisu cha nini, shangazi?"

"Cha kunyolea ndevu! Nataka niwawahi. Aliyekufa ni mzoga, anayepumua bado ni supu. Sogea."

"Hujui wana ugonjwa gani, unataka kutunywesha supu yake?"

"Najua kitakachofuata. Watu wa serikali watapanda hapa na magunia, waseme homa ya ndege, wabebe mpaka jogoo. Mwaka ule walimfagilia jirani yetu Hosniya bata wake wote, akalia kama mfiwa. Mimi siwaachii hata unyoya."

"Jana walikula nini?"

Tafida alishusha kisu. Sifa za mkono wake jikoni hazikuwahi kumchosha, hata zikitoka kwake mwenyewe. "Walikula vizuri kuliko wewe. Vichwa vya fesikhi, ngozi, miiba, na yale maji ya mtungi wa samaki nikayakandia pumba. Kila mwaka nawapa. Ndiyo maana maganda ya mayai yangu ni magumu kama vigae."

Nashwa alisimama polepole.

Alikuwa mfamasia katika hospitali ya mji wa Zifta. Kila mwaka, kabla watu hawajabeba mikeka kwenda mtoni kunusa upepo na kula fesikhi, yaani mkizi waliochachushwa kwa chumvi, alitundika onyo lile lile kwenye dirisha la dawa, na watu walilisoma wakicheka. Onyo lilisema kwamba mkizi asiyeshika chumvi ya kutosha huweza kuzalisha sumu ya botulini, isiyo na harufu wala ladha. Sumu hiyo huanzia juu na kushuka: kope, ulimi, koo, mikono, miguu, mwisho pumzi. Akili hubaki timamu mpaka mwisho. Kuku nao hupatwa. Hulegea mwili wote na kushindwa kutembea.

Yeye hakuwa amegusa fesikhi tangu alipomaliza chuo. Baba yake alikuwa amekula mkizi watatu.

"Baba yuko wapi?"

"Kalala," alisema Tafida. Kisha akakunja uso. "Ajabu. Tangu lini Maqsud akalala mpaka saa hizi?"

Haji Maqsud alifanya kazi ya ishara za reli karibu maisha yake yote, na miaka kumi baada ya kustaafu alikuwa bado akiamka kabla ya treni ya kwanza. Nashwa alimkuta chali kitandani, macho wazi, jagi tupu la maji pembeni.

"Hujaamka, baba?"

"Nimeamka. Miguu ndiyo haijaamka." Sauti yake ilikuwa imekwaruza, nusu yake haitoki.

"Sauti imekuwaje?"

"Niliimba jana. Hukunisikia? Mto mzima ulinisikia. Na nilicheza fimbo na wale vijana wa Sabri, nikawapiga wote."

"Na mdomo?"

"Mkavu kama kokoto za reli. Usiku wote nimekunywa maji."

Nashwa alivuta kiti. Mdomo mkavu, sauti ya kukwaruza, uzito wa miguu: yote matatu yalikuwa kwenye onyo lake. Yote matatu pia yangeweza kuletwa na chumvi, nyimbo, na mzee wa miaka sabini na moja kucheza fimbo na vijana. Ukweli aliokuwa nao haukuegemea upande wowote, na hilo lilimsumbua kuliko habari mbaya.

"Fuata kidole changu kwa macho."

"Kinaenda wapi?"

"Baba."

Macho yalifuata kulia, yakafuata kushoto. Kope zilikuwa sawa, au karibu sawa.

"Unaona vidole vingapi?"

"Viwili. Na hakuna chenye pete."

"Meza mate."

"Mate yako wapi, mwanangu? Nipe na hayo nimeze."

Alimpa maji. Baba alimeza, akakohoa mara moja. Huenda ni haraka tu, lakini Nashwa hakukipenda kikohozi hicho. Alitoka nje ya chumba, akapiga simu kituo cha sumu cha Kairo. Daktari aliyepokea alikuwa kijana, anauliza kwa utulivu. Alisema dawa ya kupambana na sumu hiyo ipo, lakini huizuia ile ambayo bado haijaifikia mishipa ya fahamu. Iliyokwisha fika hairudishwi. Kope zikishuka, akiona vitu viwili viwili, au akishindwa kumeza, aletwe bila kusubiri. Kabla ya hapo dawa yenyewe ina hatari zake kwa mzee. Aangaliwe, na kuku wachunguzwe kama inawezekana.

"Na nani mwingine amekula samaki huyo?" aliuliza mwisho.

Nashwa alimgeukia shangazi yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na bado ana kisu.

"Shangazi, mtungi mwingine ulimpa nani?"

"Mmoja nimempelekea mwanangu kule mjini Tanta. Mmoja nimempa Hosniya hapo chini. Kwa nini?"

"Nawapigia simu."

"Humpigii mtu!" Tafida alikamata mkono wake. "Utawaambia nini? Kwamba Tafida amewatilia sumu? Wewe unajua neno hilo litatembea vipi hapa mtaani? Mpaka kaburini nitaitwa Tafida wa sumu!"

"Wakiwa wazima utaitwa jina hilo wiki moja. Wakiwa wagonjwa na hatukuwaambia, hakutakuwa na mtu wa kukuita."

Haji Maqsud alikuwa amesikia. Alikaa kitandani, akashika ukuta. "Na mimi siendi Kairo. Niende nikaseme nini? Kwamba dada yangu wa tumbo moja kanilisha sumu? Sikanyagi huko."

"Utaenda nikikwambia twende," alisema Nashwa.

"Sikia huyo! Nani baba hapa?"

"Wewe ndiye baba. Ndiyo maana utaenda."

Alipiga simu zote mbili. Tanta walikuwa wazima, wamebakiza samaki mmoja. Aliwaambia wasimguse, na akawatajia dalili moja moja. Hosniya naye alikuwa mzima, na alitaka kujua kama kuku wanauzwa. Sabri, jirani mwenye gari, alilileta mbele ya mlango na kuliacha na mafuta ya kutosha mpaka Kairo. Baada ya hapo ndipo Nashwa alipomwita daktari wa mifugo.

Shangazi Tafida aliketi kwenye ngazi ya paa. Kisu kilikuwa mapajani mwake.

Dokta Wadie aliishi mitaa miwili kutoka hapo. Alikuwa Mkristo mnene wa kanisa la Mari Girgis, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa kwenye pembe. Alipanda ngazi akilalamika kila hatua.

"Nimefunga nyama tangu siku gani sijui, nimefungua juzi tu kwa Pasaka, na kuku wa kwanza ninayeletewa ni maiti. Mama Tafida, ndiyo sikukuu njema hiyo?"

"Usinitanie, dokta. Ni ile homa?"

"Homa gani ya kuchagua viungo? Homa ya ndege ingewalaza wote kwa pamoja, vichwa vimevimba, na pua zinatiririka. Hawa wana miguu mibovu na akili nzima. Nishikieni huyu mwekundu."

Nashwa alimwinua kuku. Alikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia. Dokta Wadie alikamata shingo kwa vidole viwili, akaiachia. Shingo ilirudi juu yenyewe, ikageuka kumtafuta.

"Umeona?"

"Nimeona. Lakini nieleze."

"Sumu ya samaki uliyonitajia kwenye simu, kwa kuku, inaanza na shingo. Inalala kama kamba iliyolowa. Kope zinafunga. Na manyoya yanatoka ukiyavuta kidogo tu." Alivuta unyoya wa mgongo. Kuku alipiga kelele, unyoya ukabaki mahali pake. "Huyu shingo anayo, macho anayo, na matusi anayo. Miguu tu ndiyo imemwacha. Sasa tumjaribu koo."

Alilowesha kidole kwenye kikombe cha maji alichokuwa ameletewa kunawa, akakisogeza mdomoni. Kuku hakungoja. Alikipiga kidole, akakishika, akamung'unya, akarudi kwa nguvu mpya kutafuta tone jingine. Lilipokosekana, alidona pete ya daktari.

"Aliyepooza koo hamezi," alisema Dokta Wadie, akipangusa kidole. "Huyu angenimeza mimi. Ana kiu. Mama, maji yao yako wapi?"

"Pale, bakuli linajijaza lenyewe. Mpira unatoka kwenye tangi. Sijawahi kulijaza kwa mkono."

Bakuli lilikuwa nyuma ya banda. Ndani yake mlikuwa na mchanga, kinyesi kilichokauka, na mstari mweupe mahali maji yalipokuwa yakifika zamani. Nashwa aliufuata mpira kwa macho mpaka kwenye tangi, na mkono wake ulikuwa umekwisha kujua kabla hajaigusa koki. Ilikuwa imefungwa barabara.

Alfajiri ya jana, kabla hawajaondoka kwenda mtoni, boya la bakuli lilikuwa limekwama na maji yalikuwa yakishuka ngazini. Alipanda, akafunga koki, akasema moyoni kwamba atairudia jioni. Jioni walirudi wamechoka, akasahau.

"Koki nimeifunga mimi," alisema. "Jana asubuhi. Hakuna aliyewapa tone tangu wakati ule."

Tafida alimwangalia kutoka kwenye ngazi. Alikiweka kisu chini.

Dokta Wadie alimpasua kuku aliyekufa juu ya gazeti. Kifuko cha chakula shingoni kilikuwa kimejaa pumba na miiba, kigumu kama udongo uliofinyangwa. Ndani yake hapakuwa na unyevu wowote. Figo zilikuwa zimepauka na kuvimba. Alichukua pumba kwa ncha ya kisu, akazitazama kwenye jua. Chembe za chumvi zilimeremeta.

"Chumvi," alisema. "Chumvi nyingi, maji hakuna. Ubongo unakauka, miguu inaaga kwanza. Kuku ni mdogo, hana pa kuiweka. Kila mwaka walikula hivyo hivyo?"

"Kila mwaka," alisema Tafida. "Na kila mwaka wanakunywa mpaka bakuli linalia, wanapona."

"Na chumvi ilikuwa kiasi hiki?"

Hapo Tafida alisimama. Sauti yake ilipanda.

"Haikuwa! Mwaka huu nimeizidisha mara mbili, na aliyenifanya niizidishe ni huyo hapo! Tangu mwezi wa pili ananisomea onyo lake. Shangazi, chumvi haitoshi. Shangazi, watu wanakufa. Shangazi, umepima kwa nini? Nikasema basi, nitamwaga mpaka mkono uchoke, nione kama atanyamaza! Kaka yangu jana analalamika kila tonge, mara kali, mara imenichoma ulimi, na mimi namwambia, kamlalamikie huyo binti yako daktari!"

Dokta Wadie alicheka mpaka mkoba ukateleza begani. Nashwa hakucheka bado, kwa sababu alikuwa akipanga mambo yakae sawa. Mkizi huwa na sumu akipungukiwa chumvi. Huyu alikuwa nayo kupita kiasi. Kile kile kilichowaangusha kuku ndicho kilichosimama kati ya baba yake na Kairo.

"Kuku si mashahidi wa kutosha," alisema. "Wangeweza kuwa na kiu na samaki akawa mbaya vilevile."

"Kweli," alisema daktari wa mifugo. "Mimi natibu kuku. Samaki mpime mwenyewe."

Mtungi mmoja ulikuwa umebaki jikoni, haujafunguliwa, samaki wake wa siku moja na wale walioliwa, kutoka pipa lile lile. Nashwa aliufungua, akamimina maji yake kwenye bilauri, akatia yai bichi la asubuhi ya jana. Yai lilielea, limetokeza juu kama upara, maana maji yalikuwa yameshiba chumvi. Hakutosheka. Alimpasua mkizi mmoja katikati: nyama ilikuwa imekaza mpaka kwenye uti wa mgongo, chumvi imeingia kote, hakuna sehemu laini wala nyekundu. Alikata kipande cha ndani kabisa, akakipeleka famasi ya hospitali kwa gari la Sabri, akakikausha, akakipima kwenye mizani ya dawa, akakilowesha na kukamua chumvi yake, akaipima hiyo nayo. Ilikuwa zaidi ya ile inayohitajika kuizuia sumu, na ilibaki ya akiba.

Alimpigia daktari wa Kairo akiwa bado amesimama mbele ya mizani. Kijana yule alisikiliza, akauliza kuhusu kope na kumeza, akasema: "Basi hana sababu ya kuja. Mwangalie mpaka kesho kutwa, akibadilika nipigie. Na mpe maji."

"Anajipa mwenyewe," alisema Nashwa. Aliweka simu mezani, akaifuta mizani.

Aliporudi nyumbani, kazi ilikuwa imekwisha kugawanywa. Dokta Wadie alikuwa ameagiza kwamba kuku wasiachiwe maji yote kwa mara moja, maana ubongo uliokauka ukijazwa ghafla huvimba, na hapo ndipo wengi hufa wakidhaniwa wamepona. Wanyweshwe kidogo, wapumzishwe, wanyweshwe tena. Haji Maqsud alikuwa ameketi kivulini juu ya paa, fulana ya ndani mwilini na kofia ya zamani ya reli kichwani, jogoo kati ya magoti yake, akimnywesha kwa kikombe kidogo cha kahawa.

"Treni ya kwanza imepita," alimwambia jogoo kwa sauti iliyokwaruza. "Ngoja ishara. Ngoja, mpumbavu wewe! Nyekundu hiyo!"

"Unamkaba," alisema Tafida.

"Nimeendesha njia nne kwa wakati mmoja, nishindwe na jogoo mmoja?"

"Hukuendesha kitu. Ulivuta mkono wa chuma."

"Baba, fungua mdomo," alisema Nashwa.

Ulimi ulikuwa na unyevu. Alimpa kipande cha mkate mkavu, akamwangalia akitafuna na kumeza bila maji na bila kukohoa. Aliomba kingine, na jibini.

"Kwa hiyo," alisema Tafida, akimwangalia mpwa wake upande, "kuku wangu umewaua wewe."

"Mmoja. Na wa pili anaweza kufuata. Ndiyo, shangazi. Nimewaua mimi."

"Sikiliza anavyosema, kama mtu aliyeletewa zawadi."

"Ni zawadi."

Tafida alitikisa kichwa, akamkabidhi kuku mwekundu na kikombe.

Kuku wa pili alikufa kabla ya jua kuzama. Wengine walibaki. Sabri alirudisha gari lake kwenye kivuli cha mwarobaini na kukataa malipo ya mafuta, kisha akaulizia kama kuna fesikhi iliyobaki.

Jumatano sauti ya Haji Maqsud ilirudi, na kwa kuwa imerudi aliitumia. Tanta walipiga simu wenyewe: wote wazima, walimla yule samaki wa mwisho waliyekuwa wamekatazwa mara walipopata ruhusa ya Nashwa, na mwanawe Tafida alimwambia mama yake kwamba mwaka huu chumvi ilikuwa kali mno. Tafida alimkatia simu. Alhamisi asubuhi daktari wa Kairo aliuliza maswali yale yale, akapata majibu yote aliyoyataka, akaaga.

Saa tisa alasiri siku hiyo, kuku mwekundu alisimama. Mguu wa kushoto ulikuwa bado unatoka nje kidogo. Alivuka sakafu ya paa, akayumba mara moja karibu na banda, hakuanguka, akafika kwenye bakuli, akanywa.